Filamu ya Kuonyesha Makazi ya Chama: Namna ya Kuipanga Pamoja na Wanachama kwa Picha za Moja kwa Moja



Katika miaka hii ya karibuni vyama vyetu vya ushirika vya nyumba vimekuwa vikifikiwa na watengenezaji wa video wenye pendekezo ambalo kwa sura yake ni jema. Chama kitengenezewe filamu ya dakika tano au sita, ionyeshe viwanja, nyumba zilizokwisha kujengwa, barabara, watoto wakicheza, na aghalabu jua likizama nyuma ya paa la bati jekundu. Kisha filamu hiyo isambazwe kwa simu, ili wanachama wapya wajiunge na wale wa zamani wahimizike kumaliza michango yao. Makatibu kadhaa wameuliza kama fedha za chama zitumike kwa jambo hilo, na kama zitatumika, kazi ianzie wapi.

Jibu la swali la kwanza ni la Mkutano Mkuu wa kila chama, wala makala hii haitalijibu kwa niaba yake. Swali la pili ndilo linalotuhusu hapa. Rai yetu ni kwamba kazi ianzie kwa wanachama wenyewe, kabla mpiga picha hajaitwa, na kwamba simu iliyo mfukoni mwa Katibu inatosha kuianza.

Ushirika wa nyumba si jambo jipya kwetu. Chama cha Mwenge, Dar es Salaam, kilianza kazi katika miaka ya 1970, na ndugu zetu wa Kenya waliunda umoja wao wa kitaifa wa ushirika wa nyumba, NACHU, mwaka 1979. Lakini mwanachama wa siku zile aghalabu alikuwa mfanyakazi aliyeishi mji uleule. Akitaka kujua msingi wa nyumba yake umefikia wapi, alipanda basi siku ya Jumapili akaenda kuutazama. Mwanachama wa leo huenda yuko Mwanza na kiwanja chake kiko Bagamoyo, au yuko Muscat, au London, na hajakanyaga ardhi anayoilipia tangu siku alipojaza fomu. Kwa mtu kama huyo filamu si pambo. Ndiyo macho yake. Akionyeshwa kisichokuwapo atalipia kisichokuwapo.

Mwandishi wa makala hii alihudhuria mkutano mkuu wa chama kimoja cha nyumba, ambacho hakuna haja ya kukitaja, siku filamu yake ilipozinduliwa. Turubai lilifungwa, kitambaa cheupe kikatundikwa, na wanachama wakakaa kimya kutazama. Ilianza kwa picha za kutoka angani: kijani kitupu, shule yenye uwanja mpana, zahanati iliyopakwa rangi mpya. Ilipokwisha makofi yalipigwa, ingawa machache. Kisha mzee mmoja aliyekaa mstari wa nyuma akanyanyua mkono, akasema, "Ndugu Mwenyekiti, zahanati ile ni ya kata ya pili. Na kisima chetu mbona sikukiona?"

Ikadhihirika kwamba siku ya kupiga picha pampu ya kisima ilikuwa imeharibika, na mpiga picha aliona heri akiepuke. Ikadhihirika pia kwamba picha zilipigwa mwezi Agosti, wakati bonde la upande wa mashariki limekauka kabisa, na kwamba katika bonde hilo vimo viwanja 14 ambavyo masika huvigeuza kuwa kidimbwi. Wakazi walilijua hilo. Wajumbe wa Bodi walilijua pia. Mtengenezaji hakulijua, kwa sababu alizunguka na mjumbe mmoja tu, kwa gari, asubuhi moja. Kibaya zaidi ni kwamba kipande cha filamu kilikuwa kimekwisha kutumwa kwa wanachama walio mbali wiki tatu kabla ya mkutano. Mama mmoja anayefanya kazi Oman alikitazama, akaridhika, akamaliza deni la kiwanja kilicho katikati ya bonde lile. Alibadilishiwa kiwanja baada ya mwaka mzima wa mabishano. Filamu haikutumika tena, na gharama yake imo katika mahesabu ya chama hadi leo.

Hapana aliyekusudia kudanganya. Hilo ndilo linalotisha katika kisa hiki. Filamu ilipangwa na watu watatu ofisini, kila mmoja akitaka jambo zuri, na hapakuwa na hatua hata moja ambapo yule mzee wa mstari wa nyuma angeweza kuuliza swali lake kabla fedha hazijatumika.

Wako waliokwisha kulifikiria jambo hili kabla yetu, nao walilifikiria katika mazingira ya ushirika. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo, jimbo la Newfoundland nchini Kanada, wavuvi walikuwa katika hofu ya kuhamishwa, maana serikali ya jimbo ilikuwa ikiondoa watu katika vijiji vidogo vya pwani. Mtengenezaji filamu Colin Low, wa Bodi ya Taifa ya Filamu ya nchi ile, alikwenda huko kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Memorial, ambako idara ya elimu kwa umma iliongozwa na Donald Snowden. Badala ya kutengeneza filamu moja ndefu inayotoa hukumu juu ya kisiwa, Low alitengeneza filamu fupifupi zipatazo 27, kila moja ikihusu mtu au jambo moja. Waliopigwa picha walitazama filamu zao kwanza, wakawa na haki ya kusema kipi kiondolewe. Kisha filamu zikaonyeshwa kijiji kwa kijiji, na watu waliokuwa hawakutani wakasikia kwamba majirani wanayasema maneno yaleyale. Baadaye ndipo zilipopelekwa kwa wakubwa wa serikali. Wavuvi wale hawakuhama. Katika kipindi hichohicho waliunda chama cha ushirika cha kujenga mashua na kusindika samaki, na chama cha ushirika kipo kisiwani hadi sasa. Haitakuwa haki kusema kwamba filamu ndiyo iliyojenga ushirika huo, maana mazungumzo ya kuuanzisha yalikuwapo. Lililo hakika ni kwamba filamu ziliwapa watu nafasi ya kujitazama na kusahihisha kabla ya kutazamwa na wengine.

Kwa vyombo vya mwaka 1967 utaratibu huo ulikuwa mzito. Filamu ilisafirishwa mbali kusafishwa, ikarudishwa, projekta ikabebwa. Siku hizi mtu husimama kwenye kiwanja, hufungua simu, na mwanachama aliye mbali huona papo hapo kile anachokiona yeye. Kinachofaa kwetu zaidi ni kwamba mwanachama huyo anaweza kusema, "Geuka kushoto. Hapana, rudi nyuma kidogo. Ule mtaro unaelekea wapi?" Filamu iliyokwisha kuhaririwa haiwezi kuamriwa kugeuka kushoto.

Hapa yafaa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mazungumzo ya picha, kama yale ya WhatsApp au Zoom, ambapo kila mmoja husikia na kusikika karibu wakati uleule. La pili ni matangazo mubashara, kama yale ya Facebook au YouTube, ambapo mmoja hurusha na wengi hutazama, wakiandika maneno yao chini ya picha. Katika matangazo mubashara picha huchelewa kufika, mara nyingi kwa sekunde kumi, ishirini au zaidi. Mtazamaji anapoandika "simama hapo", mshika simu amekwisha kupita. Kwa hiyo kwa kazi ya kupanga filamu tumieni mazungumzo ya picha, kwa makundi madogo. WhatsApp huruhusu watu 32 kwa pamoja. Zoom isiyolipiwa huruhusu watu 100, lakini hukatika baada ya dakika 40, na dakika 40 kwa kweli ni muda wa kutosha; matembezi ya saa mbili humchosha kila mtu. Matangazo mubashara yaachwe kwa siku ya kuonyesha rasimu kwa watu wengi, nayo yafanywe katika kundi la faragha la chama, si mbele ya ulimwengu wote.

Gharama si kubwa, lakini haina budi kuandikwa. Kampuni ya Zoom yenyewe hueleza kwamba mazungumzo ya picha nzuri baina ya watu wawili huhitaji kiasi cha kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi. Ukizidisha, ni kama megabaiti 270 kwa saa kwa kila upande, yaani zaidi ya nusu ya gigabaiti kwa jumla. Chama kinunue bando la siku hiyo na risiti iingie katika jalada. Si vizuri Katibu atumie bando lake kisha lisemwe halikuwapo. Ukumbuke pia kwamba mwanachama anayetazama naye hutumia bando lake, na wengine hawataingia kwa sababu hiyo tu.

Sasa tueleze matembezi yenyewe, maana ndipo kazi ilipo.

Wanatakiwa watu watatu. Wa kwanza hushika simu na hana kazi nyingine. Wa pili ni mwenyeji anayejua bikoni zilipo, mtaro unakopita, na nani anakaa wapi. Si lazima awe mjumbe wa Bodi, na mara nyingi mlinzi wa eneo au mama aliyekuwa wa kwanza kuhamia anafaa zaidi kuliko Mwenyekiti. Wa tatu ni Katibu, naye kazi yake ni moja: kuandika maswali. Makatibu wengi hupenda kuongea katika matembezi haya, wakieleza mipango na mafanikio. Wajizuie. Kila dakika Katibu anapoeleza, ni dakika ambayo mwanachama hakuuliza.

Siku iliyotangulia wapite njia nzima wakijaribu mtandao, na waweke alama mahali unapokatika. Palipo na bonde mtandao hupotea, na bahati mbaya mabonde ndiyo wanachama wanayotaka kuyaona. Hapo mshika simu apige picha za kawaida na kuzituma baadaye, na Katibu aseme wazi kwamba eneo fulani halikuonekana kwa sababu ya mtandao, wasije wakadhani linafichwa. Simu ilazwe, isisimamishwe, kwa kuwa filamu yenyewe itakuwa pana. Mwendo uwe wa polepole sana, na katika kila kituo mshika simu asimame ahesabu hadi kumi kabla ya kugeuka. Picha inayotikisika huhitaji mtandao mwingi zaidi, na mtandao ukipungua hugeuka kuwa matofali ya rangi yasiyosomeka. Upepo nao huvuma ndani ya kinasa sauti hadi maneno yasisikike. Mwenyeji aupe upepo mgongo anapozungumza.

Saa ichaguliwe kwa kuwafikiria walio mbali na kwa kulifikiria jua. Jumapili saa kumi jioni kwetu ni saa kumi na moja jioni Muscat. London ni saa saba mchana wakati wa baridi na saa nane wakati wa kiangazi chao. Chicago ni asubuhi, saa moja au saa mbili. Ni saa inayofaa pia kwa mwanga, maana jua la mchana kutwa lililo juu ya utosi hulifanya kila paa kung'aa na kila baraza kuwa shimo jeusi. Nyumba zinazotazama mashariki zitahitaji siku nyingine, saa moja hadi saa tatu asubuhi. Mshika simu aandike ni uso upi wa nyumba ulikuwa na mwanga saa ngapi. Maandishi hayo yatamwokolea mpiga picha siku nzima ya kazi, na siku ya mpiga picha hulipiwa.

Wasio na simu janja wasisahauliwe. Katika kila chama wamo wazee na wajane ambao simu yao ni ya kitochi. Hao wakusanywe ofisini au kwenye sebule ya mwanachama mmoja, simu iunganishwe na runinga kwa waya, na wapewe nafasi ya kuuliza mwanzo kabla ya walio ng'ambo. Walio ng'ambo wamezoea kuuliza, nao hawatanyamaza. Bibi aliyenunua hisa zake kwa fedha ya maandazi atanyamaza asipoitwa kwa jina lake.

Daftari la maswali liwe na jina au namba ya mwanachama, mahali alipo, swali kwa maneno yake mwenyewe, na jibu lililoonekana kwa macho. Msisitizo uko katika maneno yake mwenyewe. Mwanachama akiuliza, "Gari la taka linaingiaje hapo?" Katibu asiandike "miundombinu". Swali la gari la taka linamtaka mpiga picha asimame kwenye kona ya barabara na kuonyesha upana wake, ikiwezekana siku ambayo gari lenyewe linapita. Neno "miundombinu" halimtaki afanye lolote.

Baada ya matembezi mawili au matatu daftari litaanza kusema. Tuseme kwa mfano yameulizwa maswali arobaini. Kumi na tano yanahusu maji: yanatoka wapi, kwa saa ngapi, nani ana ufunguo, bei ya ndoo ni kiasi gani. Tisa yanahusu barabara wakati wa mvua. Sita yanahusu usalama wa mtu anayerudi usiku kutoka kituo cha basi. Matano yanahusu hati. Yaliyobaki ni ya mchanganyiko, na mojawapo, amini usiamini, litakuwa juu ya mahali pa kuzikia. Hakuna hata moja lililouliza jua linavyozama. Basi hapo filamu imekwisha kujipanga. Ianze na bomba likifunguliwa na maji yakitoka, mwenye ufunguo akizungumza. Ifuate barabara kwa mguu, kutoka kituo cha basi hadi nyumba ya mbali kabisa, bila kukatwa, ili mtazamaji ahesabu dakika. Picha ya angani iwepo, lakini kazi yake iwe kuonyesha mpangilio wa viwanja.

Swali ambalo halikuweza kujibiwa ni la thamani kuliko yote. Wanachama wakiuliza mtaro unaishia wapi na mwenyeji asijue, chama kimegundua tatizo bila kumlipa mtaalamu. Mara nyingine matokeo ya haki ya matembezi haya ni kuahirisha filamu na kuchimba mtaro. Bodi isione haya. Fedha ya filamu ikigeuzwa kuwa fedha ya mtaro kwa idhini ya Mkutano Mkuu, imetumika vizuri.

Juu ya mvua tunasisitiza: angalau tembezi moja lifanyike katika masika, kati ya Machi na Mei, au katika vuli kwa mikoa yenye vuli. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau mafuriko ya Desemba 2011, ambayo yaliua watu na kuwaacha wengine bila makao hata serikali ikawahamishia baadhi yao Mabwepande. Ardhi ya bondeni hupendeza sana mwezi Agosti. Katika picha ya kiangazi mtu hawezi kutofautisha bonde na uwanja wa mpira.

Liko suala la watu wanaoonekana katika picha. Makazi ya chama ni nyumba za watu, nazo si mandhari ya biashara. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa pia picha ya mtu anayetambulika, na chama kinachokusanya picha hizo hakina budi kuwa na ridhaa. Siku mbili kabla ya tembezi Katibu apite nyumba kwa nyumba, abishe hodi, aeleze nini kitafanyika na nani watatazama. Asiyetaka nyumba yake ionekane asilazimishwe kutoa sababu. Njia ipite kwingine. Watoto wasionyeshwe bila ruhusa ya wazazi. Aliyekubali kuonekana na wanachama 30 katika mazungumzo ya picha hajakubali kuonekana katika filamu itakayotazamwa na yeyote. Hizo ni ridhaa mbili, na ya pili iandikwe na kutiwa saini.

Majirani wasio wanachama nao wana haki zao. Viwanja vingi vya vyama vimepakana na mashamba ya wenyeji, na pengine zamani vilikuwa mashamba yao. Filamu inayoonyesha pori tupu pale ambapo babu wa mtu alipanda minazi humwambia jirani kwamba hakuwahi kuwapo. Mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa aarifiwe. Mpaka wenye mgogoro usionyeshwe kabisa, maana kesho picha hiyo italetwa barazani kama ushahidi, na upande mmoja utasema chama kimekwisha kuamua. Na katika mazungumzo ya moja kwa moja msizungushe simu kwenye betri za sola, waya za pampu na kufuli la stoo. Hujui nani amekaa nyuma ya mwanachama anayetazama.

Kazi halisi itakapofika, vibali viombwe mapema. Utengenezaji wa filamu unasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na ndege isiyo na rubani hairushwi bila ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Watengenezaji wengine husema "hayo tuachieni sisi". Waachieni kazi, lakini nakala za vibali ziwe katika jalada la chama kabla ya siku ya kupiga picha.

Mkataba na mtengenezaji uandikwe kutokana na daftari. Orodha ya picha zinazotakiwa iwe kiambatisho chake, kila picha ikiwa na namba ya swali inalojibu, ili siku ya kupokea kazi pasiwe na ubishi kama bomba lilionyeshwa au halikuonyeshwa. Mkataba useme pia nani anamiliki picha zote zilizopigwa, zikiwamo zisizotumika. Chama kisipolitaja hilo, kitajikuta kinalipa mara ya pili kwa picha za ardhi yake chenyewe. Malipo ya mwisho yabaki mpaka wanachama wameona rasimu. Matumizi yote yawe ndani ya makisio yaliyopitishwa na Mkutano Mkuu, kama Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 na masharti ya chama yanavyotaka. Tembezi la moja kwa moja ni dogo kiasi cha kuingia katika matumizi ya ofisi, lakini filamu yenyewe si dogo.

Kuhusu ukweli wa picha, mambo mawili hayana mjadala. Kwanza, filamu ibebe tarehe za siku ilipopigwa, zisomeke tangu mwanzo. Pili, kisichojengwa bado kisionyeshwe kana kwamba kimejengwa. Watengenezaji siku hizi wanaweza kusimamisha ghorofa, miti na taa za barabarani katika kiwanja kitupu, na jicho lisitambue. Ikiwa Bodi inataka kuonyesha mpango wa baadaye, neno MCHORO liandikwe juu ya picha kwa muda wote inapoonekana, na msimulizi alitamke. Kadhalika msimulizi aseme viwanja vipi vimepimwa na vipi bado, na vipi vina hati. Filamu haimpi mtu haki ya ardhi, na mwanachama aliye mbali aelezwe hivyo kwa Kiswahili chepesi, kwamba uthibitisho wake uko katika daftari la wanachama, barua ya kugawiwa kiwanja, na kumbukumbu za ofisi ya ardhi.

Rasimu ikiwa tayari ndipo matangazo mubashara yanapofaa. Ionyeshwe siku moja, ofisini kwa waliopo na mtandaoni kwa walio mbali, na kwa kuwa maneno ya watazamaji huchelewa, irushwe mara mbili: mara ya kwanza bila kusimama, mara ya pili ikisimamishwa baada ya kila sehemu kwa dakika mbili ili maneno yafike. Yule yule mwandishi wa maswali akae na daftari lile lile, aweke alama mbele ya kila swali lililojibiwa. Maswali yasiyo na alama yasomwe kwa sauti kabla ya mkutano kufungwa, na mtengenezaji awepo ayasikie. Kama kuna mtu aliyepigwa picha na sasa amebadili mawazo, hapo ndipo mahali pa kusema, na ombi lake likubaliwe.

Mazungumzo ya WhatsApp hayajihifadhi yenyewe. Atakayeyarekodi kwa njia nyingine awaambie washiriki wote kabla ya kuanza, na aliyekataa asirekodiwe. Facebook nayo, tangu Februari 2025, huhifadhi matangazo mubashara kwa siku 30 tu kisha huyafuta. Kwa hiyo Katibu apakue nakala wiki hiyohiyo, aiweke katika diski mbili, moja ofisini na nyingine kwa Mweka Hazina, na aandike juu ya kila diski kwa kalamu isiyofutika tarehe ya tembezi, jina la mshika simu, na namba za kurasa za daftari la maswali zinazohusika.